Daraja pepe limekufa: pakiti imekwama wapi?

Ni simu ambayo fundi yeyote wa kompyuta Kisumu au Nakuru ameshaipokea, na mara nyingi huja Jumatatu asubuhi. "Fundi, seva inawaka, taa zinametameta, lakini hakuna anayeingia kwenye mfumo." Ndani ya seva hiyo mna mashine pepe (kompyuta zilizoundwa kwa programu) tatu au nne: ya mfumo wa karo, ya faili, ya ukuta wa usalama, na pengine moja ya majaribio iliyosahauliwa na aliyeiunda. Zote zinatokea nje kupitia kadi moja ya mtandao. Kinachoziunganisha na kadi hiyo ni daraja pepe, yaani swichi isiyo na chuma wala plastiki, iliyojengwa kwa programu ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Dawa ya haraka ni kuizima seva na kuiwasha. Ikirudi, hakuna anayejua kilichoiponya. Isiporudi, hukumu hutolewa palepale kwamba daraja limekrash.

Mimi huwa siiamini hukumu hiyo. Sehemu ya kerneli inayoendesha daraja ni ya zamani, imekanyagwa na watu wengi, na ni nadra sana kuanguka yenyewe. Kinachoharibika kwa kawaida kiko ukingoni mwake: jina la kadi limebadilika, anwani imewekwa pasipo pake, kebo imerudi kwenye swichi ileile ilikotoka, programu nyingine imeleta kichujio chake, au kadi yenyewe inakata roho. Kwa hiyo swali la maana ni pakiti, yaani kifurushi cha data kinachosafiri mtandaoni, imetoka wapi na imeishia wapi. Ukishajua hatua iliyoishia, kazi iliyobaki ni ndogo.

Kwanza ieleweke daraja linafanya nini. Chukua ploti ya nyumba za kupanga kule Kondele, yenye bawabu mpya asiyemjua mpangaji hata mmoja. Kila anayetoka, bawabu anamtazama uso na kukariri mlango aliotokea. Mzigo ukiletwa kwa jina analolijua, anaupeleka mlango huo tu. Ukiletwa kwa jina geni, anabisha milango yote. Daraja hufanya vivyo hivyo kwa anwani za MAC, namba zinazotambulisha kila kadi ya mtandao: hutazama anwani ya mtumaji kwenye kila fremu (bahasha inayobeba pakiti), huandika ilitokea poti gani, yaani mlango gani, na isipoiona tena kwa sekunde 300 huifuta. Daftari hilo unaweza kulisoma kwa `bridge fdb show br br0`, ambapo `br0` ni jina la daraja. Poti zilizoshikamana na daraja na hali ya kila moja huonekana kwa `bridge link`. Amri ya zamani `brctl` bado imo kwenye seva nyingi, lakini hizi mbili zinatosha.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha mambo mawili ambayo mteja huyaita kwa jina moja. Kaa mbele ya seva yenyewe, kwa kibodi na skrini. Je, inaitikia? Kama haiitikii kabisa, huenda kerneli kweli imeanguka. Iwashe upya kisha usome kumbukumbu za uhai wake uliopita kwa `journalctl -k -b -1`. Amri hiyo hutoa kitu ikiwa tu kumbukumbu zinahifadhiwa diskini, kwa hiyo hakikisha folda ya `/var/log/journal` ipo kabla siku mbaya haijafika. Kama seva inaitikia kwenye kibodi lakini haionekani mtandaoni, hakuna kilichokrash. Iache ikiwaka. Ukiizima unafuta ushahidi.

Sasa tuje kwenye radi, maana huku kwetu huwezi kuzungumzia kadi za mtandao ukaiacha. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na wa Kakamega na Kisii hawahitaji kuambiwa. Kebo ndefu ya shaba iliyopitishwa nje kutoka ofisi hadi maabara huvuta umeme wa radi, nao huingia kwenye kadi ya seva na kuua tundu la mtandao huku ubao mama wenyewe ukipona. Fundi hununua kadi nyingine, anaichomeka kwenye nafasi ya PCI, anawasha. Taa ya kadi inawaka. Mashine pepe zote zinaanza. Mtandao hakuna.

Akiandika `ip -br link` anaona hivi:

`lo UNKNOWN`
`enp4s0 DOWN`
`vmbr0 UP`
`tap100i0 UP`
`tap101i0 UP`

Daraja (`vmbr0`) liko juu, na kadi pepe za mashine (zile za `tap`) ziko juu. Ila `enp4s0` iko chini, na ukiandika `bridge link` haimo kabisa kwenye orodha. Ukifungua `/etc/network/interfaces` unakuta mstari `bridge-ports enp3s0`. Hiyo `enp3s0` ni kadi iliyokufa, na kadi mpya ina jina jingine. Linux siku hizi huipa kadi jina kulingana na mahali ilipo: `p` ni namba ya basi la PCI, `s` ni namba ya nafasi. Kwa hiyo jina linaweza kubadilika hata kama kadi ya mtandao haijaguswa. Kuongeza kadi ya picha au diski ya NVMe kunaweza kusogeza namba za basi, na kilichokuwa `enp3s0` kikaamka kikiitwa `enp4s0`. Mashine pepe zinaendelea kuonana zenyewe kwa zenyewe, jambo linalowapotosha wengi, kwa sababu daraja lipo na linafanya kazi. Limekosa tu mguu wa kutokea nje.

Tiba ni kubadilisha jina kwenye mstari ule. Lakini kama eneo lako ni la radi, usiishie hapo. Andika faili ndogo ndani ya `/etc/systemd/network/`, yenye kiishio cha `.link`, inayosema kadi yenye MAC fulani iitwe `lan0`, kisha daraja litumie `lan0`. Kadi ikiungua tena, utabadilisha MAC kwenye faili hiyo moja na mengine yote yabaki yalivyo. Humo tumia `PermanentMACAddress=` badala ya `MACAddress=`. Daraja lina tabia ya kuazima MAC ya kadi iliyo chini yake, na usingependa mfumo ukichanganye kimoja na kingine. Kwenye Debian na jamaa zake endesha pia `update-initramfs -u`, la sivyo jina la zamani linaweza kushikwa mapema wakati wa kuwaka. Na kebo ya nje, badala ya shaba, iwe ya faiba: kioo hakipitishi umeme. Ni gharama, lakini hesabu kadi ambazo shule imenunua tangu maabara ifunguliwe.

Kosa la pili kwa wingi ni dogo na linachosha: anwani ya IP imeachwa kwenye kadi. Kadi ikishaingizwa kwenye daraja huwa poti tu, na kila fremu inayofika hapo hukabidhiwa daraja. Anwani, njia ya kutokea na mteja wa DHCP (programu inayoomba anwani ya IP mtandaoni) vyote vihamie kwenye `br0`. Vikibaki kwenye `enp3s0`, seva inaonekana imekufa sekunde ileile daraja linapozaliwa. Anayefanya hivyo kwa SSH, yaani kwa kuingia kwenye seva kwa mbali, akiwa Nakuru na seva iko Bungoma anajikatia tawi alilokalia.

Duara linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndilo kosa linalofanana zaidi na kukrash kwa kweli. Fremu ya Ethernet haina kihesabu cha kuiua. Pakiti ya IP ina TTL inayopungua kila inapovuka ruta, na ikifika sifuri hutupwa. Fremu haina kitu hicho. Swichi mbili zikiunganishwa kwa njia mbili, fremu moja ya tangazo huzunguka, hunakiliwa, nakala nazo huzunguka. Baada ya sekunde chache kebo zimejaa, taa za swichi zote zinameta kwa mpigo mmoja, na prosesa ya seva inalemewa na kazi ya kupokea takataka. Kibodi inakuwa nzito. Mtu yeyote angesema seva imekufa.

Duara la kawaida ni la kebo: mtu amefagia maabara, ameona ncha ya kebo inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu la kwanza lililo wazi. Lakini daraja pepe huleta duara la aina yake, ambalo hulioni kwa macho. Seva ina kadi mbili. Fundi anaziingiza zote mbili kwenye `br0` na kuchomeka kebo zote kwenye swichi moja, akidhani kasi itaongezeka maradufu. Hapo daraja lenyewe ndilo linalofunga duara. Kama unataka kadi mbili zisaidiane, ziunganishe kwanza kwa bond, yaani zihesabiwe kama kadi moja, kisha hiyo bond ndiyo iingie kwenye daraja. Duara jingine hujificha ndani zaidi: mashine pepe ya ukuta wa usalama yenye kadi mbili, moja kwenye `vmbr0` na nyingine kwenye `vmbr1`, imewekwa ifanye kazi kama daraja, huku madaraja hayo mawili yakikutana nje kwenye swichi ileile.

Ishara yake iko kwenye kumbukumbu za kerneli. Tafuta mstari wa namna hii:

`br0: received packet on enp3s0 with own address as source address`

Yaani daraja limepokea kutoka nje fremu ambayo lilituma lenyewe. Ujumbe huo ukijirudia kwa maelfu, usihangaike na seva. Nenda kwenye swichi ukachomoe kebo moja baada ya nyingine mpaka dhoruba itulie. Ukijitokeza mara mojamoja bila dhoruba, chunguza kama kuna mashine mbili zenye MAC moja. Aliyenakili mashine pepe faili kwa faili bila kubadilisha MAC yake huleta fujo ya jamaa hiyohiyo: daftari la bawabu linaandikwa upya kila sekunde, na mashine hizo mbili zinapokezana mtandao.

Kinga ya duara ni STP, itifaki iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 akiwa katika kampuni ya Digital Equipment, na ambayo baadaye iliingizwa katika kiwango cha IEEE 802.1D. Swichi huzungumza, huchagua mmoja wao kuwa mzizi, kisha huziba kwa makusudi njia za ziada mpaka duara lisibaki. Kwenye daraja la Linux huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, kumbuka gharama zake mbili. Ya kwanza ni subira: poti hukaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 nyingine ikijifunza kabla ya kupitisha chochote. Mashine pepe inayoamka haraka na kuomba anwani kwa DHCP inaweza kukata tamaa kabla nusu dakika haijaisha, na utasikia kwamba mashine haipati anwani ikiwashwa lakini ukiomba tena kwa mkono inapata. Gharama ya pili iko upande wa swichi. Swichi zenye usimamizi mara nyingi zimewekewa ulinzi kwamba poti ya kompyuta ikituma ujumbe wa STP ifungwe mara moja. Daraja lako likianza kuzungumza STP, swichi inazima poti, na seva yako inapotea huku haina kosa lolote.

STP si hirizi, ina mipaka yake. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulilemaa kwa siku kadhaa kwa sababu muundo wa swichi ulikuwa umekua kupita kiasi ambacho STP ingeweza kukimudu, na madaktari wakarudi kwenye karatasi. Kwa seva moja yenye kadi moja na mashine pepe nne, mimi huiacha imezimwa na kuhakikisha hakuna njia ya pili. Yenye kadi mbili zinazoweza kukutana nje, naiwasha.

Kuna hali nyingine inayowatesa hata wenye uzoefu. Mashine pepe zimefanya kazi miezi, kisha siku moja mtu anaweka Docker, programu ya kuendesha makontena, juu ya seva ileile ili ajaribu kitu. Kuanzia hapo seva inafika nje vizuri, mashine pepe zinaiona seva, lakini mashine pepe hazifiki nje. Faili la daraja halijaguswa. Linasomwa mara kumi na halionyeshi kosa, kwa sababu halina kosa.

Hapa ndipo `tcpdump`, amri ya kunasa na kuonyesha pakiti, inapolipa. Njia ya pakiti kutoka mashine pepe hadi nje ina vituo vitatu: kadi pepe (hapa `vnet0`), daraja (`br0`), kadi halisi (`enp3s0`). Ndani ya mashine pepe acha ping iendelee kuelekea ruta, kisha kwenye seva sikiliza kituo kimoja kimoja:

`tcpdump -eni vnet0 'arp or icmp'`

Rudia kwa `br0`, kisha kwa `enp3s0`. Katika kisa cha Docker utaona kitu cha ajabu: maombi ya ARP (yanayouliza anwani fulani ya IP ina MAC gani) yanatoka hadi nje na majibu yanarudi, lakini ICMP (pakiti za ping) inaonekana kwenye `vnet0` na haifiki `enp3s0`. Tofauti hiyo inatosha kumtaja mkosaji. Kebo ni nzima, daraja ni zima, MAC zinajulikana. Kuna mtu katikati anayechuja IP peke yake. Docker mara nyingi hupakia moduli ya `br_netfilter`, ambayo hulazimisha trafiki ya daraja ipite kwenye iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, na tena mara nyingi huweka sera ya mnyororo wa FORWARD (wa pakiti zinazopita tu) kuwa DROP, yaani zitupwe. Hayo yakikutana, pakiti za mashine pepe zilizokuwa zikivuka daraja bila kuulizwa sasa zinasimamishwa na sheria zisizowahusu. ARP haipiti kwenye iptables, ndiyo maana inasalimika.

Thibitisha kwa `sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables`, ikijibu 1, kichujio kipo. Ukitaka kubaki na Docker hapohapo, iruhusu njia:

`iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT`

Ila kwa maoni yangu seva inayobeba mashine pepe isibebe Docker. Iundie Docker mashine pepe yake. Unapoteza RAM kidogo, unapata usingizi.

Wanafunzi wanaojifunzia kwenye laptopu hosteli, iwe Maseno au Njoro, wana tatizo lao: wanataka kuunganisha daraja na Wi-Fi. Kerneli inakataa na kujibu `Operation not supported`, nao wanadhani wamekosea kuandika. Hawajakosea. Fremu ya kawaida ya Wi-Fi kutoka kwa mteja haina nafasi ya anwani ya mashine iliyo nyuma yake, na kituo cha Wi-Fi hukubali tu MAC iliyojisajili kwake. Tumia NAT (mashine pepe zitoke nje kwa anwani ya laptopu), kama mtandao wa libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, unaokuja tayari kwa jina `virbr0` na anwani za 192.168.122.0/24. Mashine zitatoka nje bila shida. Ila kutoka nje kuzifikia ndiko kutakuhitaji kuelekeza poti. Ugonjwa wa jamaa yake hupatikana kwenye kebo pia: baadhi ya vituo vya data huruhusu MAC moja tu kwa kila tundu. Hapo `tcpdump` itaonyesha ARP ikitoka `enp3s0` na kimya kikirudi. Tatizo liko nje ya seva yako, kwa hiyo mpigie mwenye swichi.

Yapo na madogo. Mtandao ukikatika kwa muda mfupi kila mashine pepe inapowashwa au kuzimwa, huenda daraja linabadilisha MAC yake: lisipopangiwa, huchukua iliyo ndogo kuliko zote miongoni mwa poti zake. Libvirt hukwepa hilo kwa kuzipa kadi pepe za upande wa seva MAC zinazoanza na `fe`, lakini ukiunda kwa mkono, lipangie daraja MAC yake. Kurasa ndogo zikifunguka na kubwa zikikwama, pima MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kwa `ping -M do -s 1472` kuelekea ruta. Daraja huchukua MTU ndogo kuliko zote za poti zake, na poti moja ya VPN inatosha kulishusha lote. Na ukikuta `Detected Hardware Unit Hang` kwenye kumbukumbu, hiyo ni kadi ya Intel inayotumia kiendeshi cha `e1000e` ikilemewa na kazi iliyokabidhiwa ya kukatakata pakiti. Amri ya `ethtool -K enp3s0 tso off gso off` huituliza mara nyingi.

Kuhusu kurekebisha kwa mbali: usiwashe upya huduma nzima ya mtandao kwenye seva yenye mashine pepe zinazokimbia. Daraja hubomolewa na kujengwa upya, na kadi pepe zinaweza kubaki nje yake, kila moja ikiwa UP na haina mwenyewe. Kwenye Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, tumia `ifreload -a`, ambayo hubadilisha kilichobadilika tu. Kwenye Ubuntu, `netplan try` hurudisha mpangilio wa zamani usipothibitisha ndani ya sekunde 120, ila daraja likiwa na vigezo ulivyoweka mwenyewe, kama vile kuzima STP au kufuta subira, hukataa na kukuambia utumie `netplan apply`, ambayo hairudi nyuma. Kwa sababu hiyo seva iliyo mbali ipewe kadi ya pili ya bei nafuu, yenye anwani yake, isiyoingizwa kwenye daraja lolote, na kebo yake ibandikwe karatasi ya kumkataza mwenye kufagia asiichomoe.